Folda ya Sai-fai: Ni Nini Hasa Kinachoifanya Filamu Iwe Bunilizi ya Kisayansi?

Mtaani kwetu Umoja, Nairobi, kuna kibanda cha filamu kilichobanwa kati ya kinyozi na muuza mitungi ya gesi. Kijana mwenye kibanda ana kompyuta moja, spika mbili, na kila Jumamosi foleni ya watu walioshika flashi. Filamu zake amezipanga kwa folda: za vita, za kutisha, za Kihindi, za Kikorea, zilizotiwa sauti ya Kiswahili na madijei, na moja aliyoiandika kwa herufi kubwa SAI-FAI. Siku moja nikiwa kwenye foleni hiyo, wateja wawili walianza kubishana juu ya Gravity, ile filamu ya mwaka 2013 ya mwanaanga anayebaki akielea peke yake baada ya chombo chao kusambaratishwa na vifusi vya setilaiti. Wa kwanza hakuona kwa nini imewekwa kwenye folda ile. Haina roboti, haina kiumbe wa sayari nyingine, haina bunduki ya miale. Wa pili alishangaa: kama hadithi ya watu walio angani si sai-fai, ni nini basi? Kijana akanigeukia. "Mwalimu, tuamulie."

Nilijibu haraka, na nilijibu vibaya. Nilisema mradi kuna roketi, imo. Nilipofika nyumbani jibu hilo likanikera, maana hizi ndizo filamu ninazozipenda kuliko zote, na nilikuwa nimezitambua kwa mavazi tu. Ni sawa na kusema kwamba harusi ni shela. Hapa najaribu kulijibu swali la wale wateja kama lilivyostahili kujibiwa.

Jina lenyewe linasaidia kidogo. Mtaani tunasema sai-fai. Vitabuni utakuta "hadithi za kisayansi", jina ambalo linaweza kumfanya mtu adhani ni hadithi kuhusu maisha ya wanasayansi. Mimi napenda "bunilizi za kisayansi", kwa kuwa maneno hayo mawili yanavutana. Bunilizi ni kitu kilichotungwa, hakijatokea. Sayansi ni kazi ya kutafuta sababu za mambo yanayotokea. Ukiyafunga pamoja unapata hadithi ya jambo ambalo halijatokea, lakini lililotungwa kana kwamba lina sababu zake, na sababu hizo ni za ulimwengu huu huu wa kani, kemia na damu.

Hilo ni wazo la zamani kuliko sinema. Mwaka 1818 Mary Shelley, binti wa Kiingereza ambaye hakuwa ametimiza miaka 21, alichapisha riwaya ya Frankenstein. Hadithi za maiti kuinuka zilikuwako kila mahali, na sisi tunazo zetu: maiti huinuka kwa kuitwa na mchawi, au kwa kuwa hakuzikwa kwa heshima. Shelley alimchukua maiti huyo huyo akamkabidhi mwanafunzi wa chuo kikuu aliyesoma kemia. Mbinu yenyewe haielezwi hata mara moja, ila msomaji amepewa ruhusa ya kuuliza "aliwezaje?" na anajua kwamba jibu, kama lipo, liko kwenye maabara na si kwenye kaburi. Baadaye Mfaransa Georges Méliès akawapeleka watu mwezini katika filamu ya dakika chache mwaka 1902, na mwaka 1926 Hugo Gernsback, mzaliwa wa Luxembourg aliyehamia Marekani, akaanzisha jarida la kwanza lililoshughulika na hadithi za aina hii pekee. Jina lilipatikana, duka likafunguliwa, na ubishi juu ya nani anaruhusiwa kuingia haujaisha tangu hapo.

Mtu aliyejaribu kuukata ubishi huo kwa uzito zaidi ni Darko Suvin, msomi aliyezaliwa Zagreb na kufundisha Kanada. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 alisema hadithi hizi hutambuliwa kwa kitu kimoja alichokiita novum, Kilatini cha "kitu kipya": badiliko moja ambalo halipo katika ulimwengu wa msomaji, linaloaminika kiakili, na ambalo hadithi nzima imelizunguka. Kitu hicho hutufanya tuyaone mazoea yetu kama mgeni anavyoyaona. Suvin alikuwa mkali, pengine kupita kiasi, na alizidharau hadithi za ajabu za aina nyingine kwa namna ambayo siiungi mkono. Lakini kiini cha hoja yake sijapata kukiona kikishindwa.

Linganisha zulia linaloruka la Alfu Lela U Lela na chombo cha angani. Vyote viwili humbeba mtu hewani. Tofauti ni kwamba zulia halina tangi la mafuta. Hakuna msikilizaji anayeuliza linabeba kilo ngapi au likinyeshewa itakuwaje, na akiuliza ataambiwa anyamaze asikilize. Chombo cha angani, kikiwa kwenye filamu ya kweli ya aina hii, kinaweza kuishiwa mafuta, na kikiishiwa mtu anakufa. Swali la msikilizaji halivunji hadithi. Ndilo linaloisukuma.

Kutokana na hayo nimejitengenezea jaribio ninaloliita la kutoa. Chukua filamu, ondoa kile kitu chake cha kisayansi, weka kingine cha kawaida mahali pake. Hadithi ikiendelea kusimama, basi sayansi ilikuwa shela. Ikianguka, sayansi ndiyo ilikuwa bibi harusi.

Star Wars ya mwaka 1977 ni filamu ninayoiheshimu, na nilipoiona mara ya kwanza nilikaa mbele ya televisheni mpaka majina yote ya mwisho yakapita. Ipeleke kwenye jaribio. Badilisha vyombo vya angani viwe majahazi. Badilisha panga za mwanga ziwe panga. Ile nguvu isiyoonekana inayowawezesha mashujaa kusogeza vitu bila kuvigusa, iite sihiri. Binti wa mfalme bado ametekwa, kijana wa shamba bado ana mwalimu mzee, mtawala mwovu bado ana ngome. Hakuna kilichopotea ila rangi. George Lucas mwenyewe, aliyeitunga, amekiri kwamba aliazima kutoka kwa filamu ya Akira Kurosawa ya mwaka 1958, The Hidden Fortress, ambayo ni ya Japani ya kale, ya majenerali na wakulima wawili wanaogombana njiani. Hadithi iliyosafiri kutoka kwenye farasi hadi kwenye galaksi bila kuumia haikuitegemea galaksi. Na hata inavyofunguka, kwa kutuambia kwamba haya yalitokea zamani za kale mbali sana, imetupa salamu ya ngano.

Kilichotokea mwaka 1999 kinafundisha zaidi. Katika filamu ya mfululizo huo huo iliyorudi nyuma kueleza mwanzo wa mambo, tuliambiwa kwamba ile nguvu inahusiana na viumbe vidogo mno vilivyomo ndani ya seli za viumbe hai, na kwamba vinaweza kuhesabiwa kwa kipimo. Wapenzi wengi wa filamu hizo walikasirika, nami nawaelewa. Maneno ya kibiolojia yalibandikwa juu ya kitu cha kiroho, na filamu haikuwa bunilizi ya kisayansi zaidi ya ilivyokuwa jana yake. Kutaja seli hakutoshi. Kama hakuna anayeumwa kwa sababu ya viumbe hivyo, hakuna anayeviiba, hakuna anayejaribu kuvipandikiza kwa mtoto wake ili apate cheo, basi vimetajwa tu.

Sasa Gravity. Karibu vyombo vyote vilivyomo vilikuwa vimeshatengenezwa, na vile vya abiria vya Marekani vilikuwa vimestaafishwa mwaka 2011, miaka miwili kabla ya filamu kutoka. Hatari yenyewe, vifusi kugonga setilaiti na kuzaa vifusi zaidi, ilielezwa na mwanasayansi Donald Kessler mwaka 1978. Na sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha karibu mita mbili na nusu na uzito wa takriban kilo 500 ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Makueni, na wataalamu wetu wa anga wakasema ni kipande cha roketi. Yaani filamu hii haina badiliko lolote. Ukiwaondoa angani wahusika wake ukawatia kwenye mtumbwi uliovunjika huko Ziwa Victoria, utapata hadithi ile ile ya mtu anayekataa kufa. Mteja wa kwanza alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Ni filamu nzuri ya manusura, na nafasi yake ni karibu na zile za waliopotea jangwani na baharini.

Watu wengi hukubali mpaka hapo, kisha huuliza: badiliko likishatokea kweli, je, filamu huacha kuwa bunilizi ya kisayansi? Hapana. Kipimo ni siku filamu ilipotengenezwa. Fikiria mwelekezi wa Nairobi mwaka 1990 akitunga filamu ambamo nyanya yako huko Kisii anapokea pesa kwenye kidude cha mfukoni, sekunde chache baada ya wewe kumtumia ukiwa Gikomba. Wakati huo pesa za nyumbani zilisafiri ndani ya bahasha, mkononi mwa dereva wa basi au binamu uliyemwamini nusu. Filamu hiyo ingekuwa bunilizi ya kisayansi halisi, na ingebaki hivyo hata baada ya M-Pesa kuzinduliwa mwaka 2007.

Mfano huo unaonyesha pia sehemu ambayo waelekezi wengi huikwepa. Kubuni kidude ni kazi ya jioni moja. Kazi ya kweli ni kujua kitafanya nini kwa watu. Mwelekezi wetu wa mwaka 1990, kama angekuwa na jicho, asingekaa akituonyesha taa za kidude. Angetuonyesha kaka mkubwa asiyeweza tena kusema "nitakuletea nikija", kwa sababu kuja hakuhitajiki. Angeonyesha mkopo unaoombwa saa nane za usiku, mke anayesoma ujumbe wa malipo asioutarajia, mwizi anayedai namba ya siri badala ya pochi, kijana aliyegeuza kibanda cha viatu kuwa wakala. Hapo ndipo ninapozipima filamu hizi kwa ukali zaidi. Badiliko moja linapaswa kupenya hadi jikoni, kanisani, kwenye mahari. Filamu inayotupa jiji la miaka 200 ijayo ambamo magari yanaruka, lakini watu bado wanaoana, wanaajiriwa na kugombana vile vile kama leo, imeniuzia picha ya ukutani.

Je, sayansi yenyewe lazima iwe sahihi? Hapa nimebadilisha mawazo. Nilikuwa nikidhani usahihi ndio kila kitu, na nilikuwa mtu wa kuharibia wenzangu filamu kwa kusema "hiyo haiwezekani". The Martian ya mwaka 2015 inaanza na dhoruba kali ya vumbi inayomwangusha mtu kwenye sayari ya Mirihi, ilhali shinikizo la hewa ya huko halifiki asilimia moja ya lile la duniani, na upepo wake hauwezi kuangusha mtu namna hiyo. Kosa hilo halikuifukuza filamu kwenye folda, kwa kuwa kila kinachofuata, kuanzia viazi hadi hesabu ya maji na oksijeni, kinaheshimu kanuni kwamba kila kitu kina kipimo na kila kipimo kina mwisho. Na kinyume chake, filamu ya kihistoria juu ya safari ya kweli ya mwezini inaweza kuwa sahihi mpaka kwenye skrubu na isiwe bunilizi ya kisayansi hata kidogo. Sayansi ya filamu hizi ni tabia ya kufikiri kabla ya kuwa orodha ya majibu.

Lakini pale usahihi na hisia vinapokutana, hakuna kinachoshinda. Katika Interstellar ya mwaka 2014, baba anashuka kwenye sayari iliyo karibu na shimo jeusi (kitu chenye uvutano mkali hata mwanga hauponyoki), ambako saa moja ni sawa na miaka saba duniani. Anakaa kidogo tu. Anaporudi kwenye chombo, miaka 23 imepita, na anafungua jumbe za video za watoto wake mmoja baada ya mwingine, akiwaona wakikua mbele ya macho yake bila yeye. Kila mzazi aliyeondoka Nairobi kwenda kufanya kazi Doha au Riyadh akarudi kukuta mtoto ana ndevu anaijua sura ile ya mwigizaji. Hata hivyo hapa kinachomwibia baba miaka ni uvutano wenyewe. Wakati kwenda polepole karibu na kitu kizito ni matokeo ya nadharia ya Einstein, na mshauri wa filamu alikuwa Kip Thorne, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017. Ndiyo nadharia iliyomo kwenye simu ya dereva wa bodaboda anayekutafuta kwa ramani: saa za setilaiti za kuonyesha mahali hukimbia mbele ya zetu kwa takriban mikrosekunde 38 kila siku, na zisiporekebishwa ramani ingekosea kwa kilomita kadhaa kabla ya kesho.

Na kabla mtu hajasema mashimo meusi ni habari za wengine, tarehe 12 Desemba 1970 roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, Wamarekani waliiita Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kudhaniwa kwa dhati kuwa shimo jeusi. Wanafunzi wangu wengi wanaijua Uhuru Park na Barabara ya Uhuru. Ningependa waijue na hii.

Filamu za kutisha zilizo angani sitazikawiza. Filamu moja inaweza kuwa na damu ya aina mbili. Alien ya mwaka 1979 inatisha kama zimwi la usiku, lakini zimwi lake lina hatua za kukua kama mdudu, linahitaji mwili wa mwingine ili lizaliwe, na kampuni iliyowatuma wahusika inalithamini kuliko wafanyakazi wake. Biolojia hiyo ndiyo inayotisha. Imo.

Kigumu zaidi ni istiara. District 9 ya mwaka 2009 inaegesha chombo kikubwa juu ya Johannesburg na kuwajaza viumbe wake kwenye mabanda, kisha serikali inataka kuwahamisha. Yeyote anayekumbuka watu wa District Six walivyofukuzwa Cape Town enzi za ubaguzi wa rangi anajua filamu inasema nini. Ukifanya jaribio la kutoa, ukaweka wakimbizi mahali pa viumbe, nusu ya kwanza ya filamu inasimama bila shida, na nusu hiyo naiona dhaifu kwa upande wa bunilizi ya kisayansi, ingawa ina nguvu kwa upande wa siasa. Kisha afisa anayesimamia uhamishaji anaambukizwa na mwili wake unaanza kugeuka kuwa wa wale aliokuwa akiwafukuza. Silaha zao, ambazo hufanya kazi kwa miili yao pekee, sasa zinamtii mkono wake, na papo hapo kampuni iliyomwajiri kwa kazi hiyo inamwona kama nyama ya kukatwakatwa maabarani. Hakuna mkimbizi wa kawaida anayeweza kuchukua nafasi hiyo. Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuijaribu Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995, ambamo Dzombo anatiwa kwenye chombo cha kumwua na badala yake kinamfikisha katika ulimwengu wa haki. Ninaipenda, ila kwangu ni riwaya ya siasa iliyopanda chombo cha angani. Jina lake tu, wale ni sisi, limeshakiri.

Sasa nafika kwenye hoja ninayoisikia mara nyingi Nairobi, hasa kwa vijana wanaotengeneza filamu, na sitaki kuipita mbio. Wanasema: mpaka huu kati ya sayansi na uchawi tulichorewa. Bibi zetu walijua mti gani unashusha homa kabla ya hospitali kufika. Kwa nini filamu yenye mganga iitwe ngano, na yenye daktari wa kizungu iitwe sayansi?

Wana haki ya kuuliza, na jibu langu halitegemei ngozi ya mtu wala koti lake. Tu Youyou wa China alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria aliyoitoa kwenye mmea, na njia ya kuikamua bila kuiunguza aliidokezewa na maandishi ya tiba za kale za nchi yake. Ujuzi wa mababu uligeuka sayansi pale ulipojaribiwa, ukashindwa, ukarekebishwa, ukapimwa kwa wagonjwa. Kwa hiyo nionyeshe filamu ya mganga wa Meru ambaye dawa yake ina kipimo, inawaponya saba na kumdhuru wa nane, na anakesha akitafuta kwa nini wa nane alidhurika, nami nitaitia kwenye folda ya sai-fai bila kusita. Nionyeshe daktari mwenye miwani na kompyuta kumi anayebonyeza kitufe na maiti akaamka, bila swali, bila gharama, na nitasema huo ni uchawi uliovaa koti jeupe. Na filamu ambayo mizimu imo kweli, inasema na kuadhibu, haijapungukiwa na chochote. Ni aina nyingine ya filamu, yenye ukweli wake, na kuiita ngano si kuitusi.

Black Panther ya mwaka 2018, iliyoujaza umati kumbi za hapa kwetu huku tukimshangilia Lupita Nyong'o, inasimama na mguu mmoja kila upande. Madini yaliyoletwa na kimondo, nchi iliyojificha nyuma ya utajiri huo, swali la nini nchi kama hiyo inadaiwa na jirani zake maskini: hayo ni bunilizi ya kisayansi, na swali la mwisho hasa linatokana na madini yenyewe. Mazungumzo ya mfalme na baba yake aliyekufa, chini ya mti, yako upande wa pili. Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyopigwa Rwanda na ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake, inawachukua wachimbaji wa koltani, yale madini ya kwenye simu zetu, na kuwageuza wadukuzi. Nimeitazama mara mbili na bado inanitoroka. Ninaamini ni bunilizi ya kisayansi kwa sababu ya koltani. Nyimbo na ndoto zake zinanivuta kwingine.

Filamu ambayo hainitoroki ni ya kwetu. Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi, aliitoa Pumzi mwaka 2009, na mwaka uliofuata ilionyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani. Ina kama dakika ishirini tu. Imepita miaka 35 tangu Vita vya Tatu vya Dunia, ambavyo vilikuwa vya kugombania maji. Watu wa Afrika Mashariki wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Umeme wanauzalisha kwa kukimbia na kupiga makasia kwenye mashine. Jasho na mkojo husafishwa na kurudishwa kwenye chupa. Ndoto zimepigwa marufuku, na anayeota humeza kidonge. Asha, anayefanya kazi kwenye jumba la makumbusho ya viumbe vilivyokwisha, anatumiwa udongo asioujua ulikotoka. Anaupima. Hauna mionzi, una unyevu. Anautia mbegu, na mbegu inaota.

Tazama jinsi badiliko moja, maji kwisha, lilivyoingia kila mahali: kwenye umeme, kwenye choo, kwenye kazi, kwenye usingizi. Ondoa ukame huo na hakuna filamu. Na tazama Asha anavyofanya: hapigi magoti mbele ya udongo, anaupima kwanza. Hata kusafisha mkojo si porojo. Kwenye kituo cha kimataifa cha anga hilo ni jambo la kila siku, na mwaka 2023 NASA ilitangaza kwamba mitambo ya huko imefikia kurudisha asilimia 98 ya maji. Wala Nairobi haihitaji kusukumwa mbali ili ifike pale. Jiji hili hunywa kwa sehemu kubwa kutoka Ndakaini, Murang'a, na bwawa likishuka tunapewa ratiba ya mgao. Umoja tunaijua ratiba hiyo kuliko ya mitihani. Tunalala na mitungi ya njano imepangwa koridoni, na mkokoteni wa maji ukipita alfajiri tunausikia kabla ya adhana.

Jambo moja tu kwenye Pumzi ndilo ninalogombana nalo. Mwishoni Asha anatoroka, anavuka jangwa, anaupanda mche, anaumwagilia maji yake ya mwisho na jasho lake, na anaufunika kwa mwili wake. Kisha mti unakua. Kwa miaka mingi nilisema kwamba hapo mwelekezi aliacha sayansi akaingia kwenye maombi, maana mche mmoja hauwezi kuota kwa jasho la mtu mmoja.

Muhula uliopita niliionyesha filamu hiyo kwenye klabu ya filamu ninayoilea shuleni, pazia likiwa limefungwa kwa pini na spika ikikoroma. Sikuwa nimesema lolote kuhusu mwisho wake. Taa ilipowashwa, msichana wa Kidato cha Pili aliinua mkono akauliza: mwalimu, mtu akitembea juani siku nzima, hutoa jasho lita ngapi? Nikamwambia kwenye joto kali linaweza kupita lita moja kwa saa. Mwingine akauliza mche unahitaji kiasi gani kwa siku. Wa tatu akasema mwili wa mtu mzima, zaidi ya nusu yake ni maji, na yule Asha alikuwa amelala juu ya mche, kwa hiyo tumhesabu na yeye. Darasa likanyamaza kidogo. Kisha mmoja akaja mbele akachukua chaki. Kengele ya chakula cha mchana ilipolia, ubao ulikuwa umejaa lita, kilo na siku, na walikuwa bado hawajakubaliana kama mizizi ingefika kwenye ule udongo wenye unyevu kabla maji ya Asha kwisha.